Darasa Lililobaki Masikioni mwa Mwalimu Mwende

Mwalimu Mwende alikuwa na swali lake la saa kumi. Kila siku ya shule, watoto wakishatoka na lango likishafungwa, alikuja mlangoni mwa jiko langu, chaki bado iko mkononi, akaniuliza:

"Mama, wameondoka wote?"

"Wameondoka, mwanangu. Nimewaona kwa macho yangu wakivuka barabara."

"Wote?"

"Wote. Kwani umepoteza mmoja?"

Hapo alicheka kidogo akaenda zake. Nikadhani ni mzaha wa walimu. Mpaka Ijumaa moja ya mwezi wa pili hakucheka. Alinisogelea, akaniambia kwa ile sauti yake iliyokuwa imekwaruzika kama mtu aliyemeza mchanga:

"Basi ni nani wanaosoma kule ndani?"

Niliweka mwiko chini nikafuatana naye. Darasa lake lilikuwa la mabati, limejengwa uani likaegemezwa ukuta. Nikachungulia dirishani. Madawati yamejipanga, ubao umefutwa nusu, vumbi la chaki linaelea juani. Hakuna hata paka. Karakana ya upande wa pili wa ukuta ilikuwa imefungwa tangu adhuhuri, maana ni Ijumaa. Palikuwa kimya kabisa.

"Wanasoma nini?" nikamuuliza.

"Ba, be, bi, bo," akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. "Wanarudia, wanarudia. Hawafiki bu, Mama. Kila siku nawangoja wafike bu ndipo niende nyumbani. Hawafiki."

Nywele za mikono zilinisimama, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Niseme mimi ni nani, ili mwenye kusoma asitanguliwe na mashaka. Jina langu ni Nyevu, lakini pale shuleni waliniita Mama Kadenge, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Kwetu ni bara ya Mariakani. Miaka kumi na sita nilifanya kazi kwenye kinu cha kusaga unga, kisha nikaja Mombasa, na miaka kumi na tisa nimepika chai ya walimu katika shule ile iliyo nyuma ya Biashara Street, ukishuka kuelekea Mji wa Kale. Sikwenda shule. Herufi nilifundishwa na huyu huyu Mwende, siku za Ijumaa baada ya chai, na mtu akiona nimekosea mahali, avumilie. Mambo yenyewe sikukosea.

Mwende ni Mkamba wa Mwingi. Aliletwa Mombasa na mumewe Morris, anayefanya kazi bandarini, wakapanga nyumba Likoni. Kila asubuhi alivuka Feri akaja kwa miguu, na kabla ya kumwona mtu unamsikia. Alikuwa akiimba! Kanisani kwao yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mwaka wa kwanza sauti yake ilifika jikoni kwangu bila shida, ikapita juu ya masufuria na kila kitu, nikasema huyu hahitaji kipaza sauti.

Akapewa darasa la mabati. Watoto tisini na mmoja.

Na nyuma ya ule ukuta walikuwa mafundi wa masanduku, yale masanduku ya bati ambayo watoto wa shule za bweni hubebea vitu vyao. Bati linakunjwa, linagongwa pembe, linagongwa kifuniko, linagongwa kufuli. Nyundo sita, saba, tangu asubuhi. Mwezi wa kwanza, shule za bweni zikifunguliwa, huwa nyundo kumi na mbili. Mwende anapaza sauti ashinde nyundo, watoto wanapaza wamshinde Mwende, na lile bati la darasa linachukua yote linarudisha. Ukipita nje meno yanakutetemeka. Miaka kumi na mmoja alisimama mle ndani.

Sauti ya kuimba ilikufa mwaka wa nne. Ikafuata ya kawaida, ikawa inakuja na kuondoka. Kichwa kilimuuma akawa anameza vidonge na chai yangu. Aliambiwa ana presha, mwanamke hajafika arubaini. Nyumbani, alinieleza mwenyewe, Morris alilalamika kwamba mkewe anampigia makelele naye amekaa ubavuni pake. Akawa anajifungia msalani, anafungulia mfereji wa maji, anakaa kwenye ndoo anausikiliza. "Maji yakimwagika," alisema, "watoto wananyamaza kidogo."

Sasa nitaandika kosa langu, wala silipunguzi.

Kwetu, mtu akisikia sauti sikioni na mwenye sauti hayuko, hizo ni koma. Ni wazee waliokufa, wanataka kitu. Najua kwa sababu mimi mwenyewe ninao. Tangu mama yangu alipofariki, nasikia kitu chembamba masikioni, kama mbu aliyefungwa ndani ya chupa. Nimemwaga unga na tembo la mnazi kwa ajili yake sijui mara ngapi. Hakunyamaza. Nikasema mama yangu alikuwa mgumu alipokuwa hai, kifo kingembadilisha nini?

Basi nilimkalisha Mwende jikoni nikamwambia, "Hao si watoto. Hao ni wazee wenu. Nenda kwenu ukawaulize wanataka nini."

"Mama, mimi ni mtu wa kanisa."

"Na babu yako aliyekufa, ni mtu wa kanisa?"

Akacheka. "Babu yangu alikuwa mtu wa pombe."

"Basi umeshajua wanataka nini."

"Nilikuwa nafikiri niende hospitali, Mama. Nipimwe masikio."

"Hospitali!" nikamwambia. "Ukawaambie unasikia watoto wasioonekana? Watakuandikia wewe ni mwendawazimu, na mwendawazimu hapewi darasa. Utarudishwa Mwingi na vitabu vyako kwapani."

Hilo lilimwingia. Kazi ndiyo aliyoiogopea kuliko sikio. Alikuwa akiniambia, bila ubao nyuma yangu sijui mimi ni nani. Likizo ya mwezi wa nne akaenda kwao, mama yake akamwaga pombe mahali pa wazee, wakala, wakaomba.

Na hayo masikio yakatulia! Alirudi ananikumbatia, "Mama, siku ya kumi wamenyamaza, wote, nimelala kama mtoto." Nami nikatembea pale shuleni siku mbili kama bwana harusi. Sikujiuliza kule Mwingi kuna nyundo ngapi.

Wiki ya pili ya muhula walirudi. Safari hii walirudi wengi zaidi, na walijifunza jina lake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuniogopesha kweli. Aliniambia zamani walikuwa wanasoma tu, sasa wanamwita. "Mwalimu. Mwalimu." Anaandika ubaoni, anageuka, watoto wote wameinama wanaandika, hakuna aliyefungua mdomo. Anageukia ubao. "Mwalimu." Yuko kwenye Feri, watu wamesimama wamebanana, mtoto anamwita kutoka upande wa maji.

"Usiwaitikie," nikamwambia. "Ukiitikia mara moja umekwisha. Jizoeze usigeuke."

Akajizoeza. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Nikamwambia pia wazee hawajashiba, ikabidi aende tena likizo ya mwezi wa nane. Akaenda, yakatulia, akarudi, yakaanza. Mwaka ukaisha hivyo, na sikio la kushoto likawa linafifia bila yeye kujua. Ukimsemesha kutoka upande huo anaendelea na lake. Walimu wenzake wakasema Mwende ameanza kujisikia.

Ikaja siku ya Stacy. Ilikuwa mwezi wa kwanza, ule wa nyundo kumi na mbili. Nilikuwa napeleka birika la chai ya saa nne, nikasikia darasa la mabati linapiga kelele. Mle kelele ni kitu cha kila siku, lakini mama huijua kelele iliyobadilika rangi. Watoto walikuwa wakiita, "Mwalimu! Mwalimu! Mwalimu!"

Nikafika mlangoni. Naapa, mpaka leo nikifumba macho naiona. Watoto tisini wamesimama juu ya madawati, vinywa wazi, wanamwita mwalimu wao kwa pumzi zote. Naye amewapa mgongo. Anaandika ubaoni, taratibu, herufi nzuri zilizonyooka. Shingo haikutikisika. Alikuwa kama mtu aliye peke yake katika chumba chenye amani. Na nyuma, dawati limeanguka, mkono wa Stacy uko chini yake, damu imeshafika kwenye sakafu.

Nilitupa birika. Nikaliinua lile dawati mimi mwenyewe, mzee mzima, nikamfunga mtoto mkono kwa leso yangu. Ndipo nikamwendea Mwende nikamshika bega. Aliruka! Akageuka, akaniona, akaona watoto, akaona damu.

"Walikuwa ni wao?" akaniuliza. "Mama, walikuwa ni wao kweli?"

Stacy alishonwa, vidole viwili vilivunjika, vikapona. Lakini jioni ile mwalimu mkuu, Madam Aida, alimwita Mwende ofisini. Mimi niliingia na chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Sitaki kumsingizia Aida. Alikuwa amechoka kama wote.

"Watoto tisini wanakuita, Mwende, huwasikii. Mzazi anataka niandike barua kwa wakubwa. Niandike nini?"

Mwende alifuta chaki vidoleni.

"Nakupa wiki mbili. Niletee karatasi ya daktari inayoniambia una nini na unaweza kufundisha au huwezi. Usipoleta, naandika nilichokiona. Na nilichokiona, unajua kitakutoa darasani."

Tulipotoka nilimfuata Mwende hadi langoni. "Twende hospitali," nikasema mimi.

"Wewe? Wewe ndiye uliyesema..."

"Najua nilichosema. Twende."

Hospitali kubwa ina chumba cha kupimia masikio. Kuta zake zimefunikwa kitu laini kama godoro, mlango mnene, na muuguzi, kijana anayeitwa Shukri, anakaa nje nyuma ya kioo. Unavalishwa vile vya kusikilizia redio kichwani, unaambiwa ukisikia mlio inua mkono. Nilimtazama Mwende kupitia kioo. Shukri anabonyeza, anabonyeza, Mwende anatabasamu kwa adabu, mkono uko mapajani. Kwa sikio la kulia aliinua mara kadhaa. La kushoto, muuguzi alibonyeza mpaka mimi niliye nje nikausikia mlio unavuja. Mwende ametulia tu. Kisha akainua mkono, na Shukri alikuwa hajabonyeza kitu.

Shukri akatueleza. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana, ndivyo vinavyosikia. Kelele ikivipiga kila siku, miaka, vinalala, na vikilala hapo havisimami tena. Sikio likikosa sauti ya kweli, kichwa kinajitungia yake. Wengine husikia mluzi, wengine ngoma. Mwalimu aliyesikia watoto miaka kumi na mmoja, husikia watoto.

"Mimi si mwendawazimu?" Mwende akauliza.

"Hapana, Madam. Umeumia kazini. Ungekuja mwaka jana tungeokoa kiasi fulani cha hili la kushoto."

Mwaka jana. Mwende hakunitazama. Afadhali angenitazama.

"Nawe mama, hebu nikupime," Shukri akasema. "Naona unatega sikio moja."

"Mimi nasikia vizuri."

"Dakika tano tu, mama."

"Nimesema nasikia. Nilimsikia mama yangu..." Nikaingia.

Mlango ulipofungwa, sijawahi kukaa mahali kama pale. Hakuna gari, hakuna kunguru, hakuna upepo. Nikajisikia damu yangu inatembea. Na katika kimya hicho akaja yule mbu wangu wa ndani ya chupa, karibu kuliko siku zote, kama ameweka mdomo sikioni. Nikasema, "Mama?" kwa sauti. Nikamwona Shukri nyuma ya kioo anatikisa kichwa, anaandika.

Kinu cha kusaga unga, akaniambia baadaye. Miaka kumi na sita. Masikio yote mawili.

Tuliteremka ngazi za hospitali. Tulipofika chini nikamshika mkono. "Mwende, nilikunyima sikio."

Palikuwa na mama anauza machungwa, Mwende akamtazama anavyomenya, ganda linatoka refu bila kukatika.

"Ulinipa dawa uliyokuwa ukiitumia mwenyewe, Mama," akasema. "Lakini sikio nalitaka. Nalitaka sana." Akalia pale pale mbele ya watu, nami sikumwambia anyamaze.

Karatasi ya daktari ilisema anaweza kufundisha, ila si mle ndani. Apewe chumba tulivu, watoto wachache, la sivyo sikio la kulia litafuata. Madam Aida akaisoma mara mbili akaiweka mezani.

"Chumba kipi, Mwende? Nionyeshe chumba. Nikikutoa kule namweka nani? Nimtoe masikio mwalimu mwingine? Wiki mbili zikiisha bila chumba, barua naipeleka."

Tukaenda kwa mafundi. Mkubwa wao, Bonface, alitupokea vizuri, akatupa viti. Ilitubidi tumpigie kelele. "Nini?" akasema. "Nini? Semeni upande huu!" Mwende akanitazama, nami nikamtazama. Bonface alikubali kutogonga saa za asubuhi, akashika ahadi siku tatu. Siku ya nne nyundo zikaanza saa mbili kamili, na sikumlaumu sana. Sidhani hata alijua zina sauti gani.

Zikabaki siku nne za zile wiki mbili. Mwende akaanza kufungasha vitabu vyake kwenye katoni.

Katika shule ile palikuwa na chumba kimoja cha mawe. Kimebaki kutoka nyumba ya zamani, kuta za matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima kutoka kiwiko hadi vidole. Ndani yake husikii karakana, husikii tuktuk, husikii hata muadhini vizuri. Watu wote walikijua na hakuna aliyekitaja. Walinijua na mimi. Ndicho kilichokuwa jiko langu.

Wakuu wanne wa shule walijaribu kunitoa mle wakashindwa. Mmoja alitaka kukifanya stoo, nikamwambia anitoe kwanza mimi nikiwa nimelala jenezani. Sufuria zangu zilikuwa na misumari yake ukutani, kila moja na wake.

Asubuhi ile nilimwendea Aida kabla hajavua mkoba.

"Subalkheri, Madam. Chukua jiko."

"Jiko gani?"

"Kuna mawili? Weka Mwende mle. Wataingia arubaini na sita, nimepima kwa hatua. Wengine waje mchana, zamu ya pili."

"Na chai itapikwa wapi, Mama Kadenge?"

"Kwenye mabati. Masikio yangu yameshakufa, nyundo zitanifanya nini? Na usinishukuru, nitabadilisha nia."

Hakunishukuru. Alichukua ile karatasi ya daktari akaandika kitu pembeni yake. Lile darasa la mabati halikuwekwa mtoto tena, na hilo nililitia kama sharti.

Sasa Mwende anafundisha katika kuta nene. Sauti yake imerudi nusu, haimbi, lakini anasema na watoto bila kukwaruza. Sikio la kulia limeshika pale pale lilipokuwa. La kushoto limekwenda, na wale waliomo ndani yake hawakuondoka. Shukri alimwambia ukweli, huenda wasiondoke.

Basi ametunga sheria. Mtoto hasemi mpaka ainue mkono, na mkono unabaki juu mpaka amalize kusema. Yeye hufuata mikono. Wageni wakija kukagua husifu nidhamu, wanaandika kwenye daftari zao.

Juzi nilipeleka chai nikasimama dirishani kidogo. Aliuliza swali, sikumbuki la nini. Mikono mitatu ikapanda mbele. Akawasikiliza mmoja mmoja, akawaambia vizuri, keti. Kisha akainua uso kama aliyeitwa na mtu mwingine, akatazama kona ya nyuma, pale penye misumari yangu, pasipo na dawati. Akatazama kwa muda. Hapakuwa na mkono.

Akatikisa kichwa, kwa upole, kama unavyomkataza mtoto unayempenda. Akageukia ubao akaendelea kuandika.